Mwananchi si mteja anayeweza kuhama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie kauli iliyozoeleka mno, kwamba serikali ingefanya kazi vizuri zaidi kama ingeendeshwa kibiashara. Kauli hii hutolewa na wagombea waliotajirika kwa biashara (mwamba ngoma, kama tujuavyo, huvutia kwake), hurudiwa na wachambuzi redioni, na hukubaliwa na kila aliyewahi kupanga foleni tangu asubuhi hadi alasiri akisubiri mhuri mmoja. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokubali. Nilifanya kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi kwa miaka 15 kabla ya kuhamia idara ya umma, ambako nilimalizia utumishi wangu, na nakiri kwamba nilihamia huko nikiwa na majivuno ya mtu anayekwenda kuwafundisha wenzake kazi.

Jukumu langu la kwanza lilikuwa kupitia matumizi ya vituo vya afya na kupendekeza mahali pa kupunguza. Nilifanya kama nilivyozoea: niligawanya gharama za kila kituo kwa idadi ya wagonjwa waliohudumiwa, nikavipanga kuanzia cha nafuu hadi cha ghali, kisha nikapendekeza vituo 2 vya mwisho vifungwe. Mkuu wangu wa idara, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliisoma taarifa yote bila haraka, akavua miwani, akaniuliza: "Sasa, mwanangu, watu wa vituo hivi vya mwisho umewahamishia kwenye daftari la nani?" Sikuwa na jibu. Katika kampuni, mteja aliyetutia hasara tulimwacha kwa barua ya mistari mitatu, na tangu siku hiyo hakuwa tatizo letu tena. Mtu aliyefungiwa kituo hatoki kwenye daftari la serikali. Hurudi mwaka unaofuata akiwa mgonjwa zaidi, katika kasma nyingine, yaani fungu jingine la bajeti, kwa gharama kubwa zaidi.

Hata hivyo sipendi kuwapuuza wenye kauli hii, kwa sababu katika jambo moja wana haki kabisa. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari, na daftari za serikali nyingi duniani zimekuwa kwa muda mrefu daftari za fedha taslimu tu: zinaonyesha kilichoingia na kilichotoka. Daftari la namna hiyo haliandiki kwamba daraja limechakaa, wala kwamba pensheni ya mtumishi aliyeajiriwa leo ni deni litakalodaiwa baada ya miaka 30. Ukiongeza desturi ya kurudisha hazina fungu lisilotumika, unapata ile hekaheka ya mwisho wa mwaka wa fedha ambayo kila mhasibu wa umma anaifahamu, pale ambapo samani hununuliwa na semina huandaliwa kwa sababu tu tarehe inakaribia.

New Zealand ilijaribu kulitibu tatizo hili kwa ujasiri ambao nchi chache zimeuthubutu. Kati ya mwaka 1986 na 1989 ilitunga sheria 3 zilizobadilisha sura ya serikali yake: shughuli kama posta, makaa ya mawe na umeme ziligeuzwa kuwa mashirika yenye bodi na wajibu wa kuleta faida, wakuu wa idara wakaajiriwa kwa mikataba ya muda maalumu, na hesabu za serikali zikaanza kuandikwa kama za kampuni, zikionyesha mali yote na madeni yote kwenye jedwali liitwalo mizania. Hilo la mwisho lilifaulu, na nchi nyingine zimeliiga. Lakini ni nchi hiyo hiyo ambako tarehe 28 Aprili 1995 jukwaa la kutazamia mandhari, lililojengwa na idara ya uhifadhi mahali paitwapo Cave Creek, lilianguka na kuua watu 14, wengi wao wakiwa wanafunzi. Uchunguzi ulibaini kwamba jukwaa halikuwa kazi ya mhandisi mwenye sifa, kwamba lilifungwa kwa misumari mahali palipohitaji bolti, na kwamba nyuma ya makosa hayo kulikuwa na idara iliyobebeshwa majukumu mengi kuliko fedha na watu iliokuwa nao. Sisemi kwamba uhasibu wa kisasa ndio uliowaua wale vijana. Nasema kwamba idara inayoshinikizwa kufanya mengi kwa fedha kidogo huanza kubana pale pasipoonekana, na msumari hauonekani kwenye mizania.

Kiini cha hoja yangu, hata hivyo, hakiko kwenye hesabu; kiko kwenye uhusiano wa anayetoa huduma na anayeipokea. Kampuni hupata nidhamu yake kwa sababu mteja anaweza kuhama. Akichukizwa na bei, na ubora au na lugha ya mhudumu, huvuka barabara na kununua kwa mwingine, na ni hofu ya kuvukiwa barabara inayomfanya mwenye kampuni awe macho. Mwananchi havuki barabara kutafuta polisi wengine, mahakama nyingine au bomba jingine la maji. Sijui mfano unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani.

Mji huo, wenye wakazi wapatao 100,000 wakati huo, ulielemewa na upungufu wa fedha, na serikali ya jimbo ikauweka chini ya meneja wa dharura, yaani mtu mmoja aliyeteuliwa kusawazisha hesabu akiwa na mamlaka ya meya na ya madiwani kwa pamoja, kama vile mfilisi anavyokabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Wapiga kura wa Michigan walikuwa wameikataa sheria ya mameneja wa namna hiyo kwa kura ya maoni mnamo Novemba 2012. Mwezi uliofuata jimbo likapata sheria nyingine inayofanana nayo. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, Flint iliacha kununua maji yaliyosafishwa kutoka jiji la Detroit na kuanza kutumia maji ya mto wake, bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu. Maji yakayala mabomba ya zamani, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia majumbani.

Yaliyotokea Oktoba ya mwaka huo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Kiwanda cha injini cha kampuni ya magari ya General Motors mjini humo kiliona maji hayo yanaharibu vyuma vyake, kikaacha kuyatumia na kupata maji kutoka mamlaka jirani. Kampuni ilihama kwa sababu kampuni inaweza kuhama. Mama aliyekuwa akimkorogea mwanawe maziwa ya unga kwa maji ya mto ule ule hakuwa na mamlaka jirani ya kumfungulia bomba. Alibaki, na mji haukurudi kwenye maji ya Detroit hadi Oktoba 2015, mwaka mzima baadaye. Rahisi inavunja upishi: fidia iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2021 ilizidi dola milioni 600, bila kuhesabu mabomba yaliyofukuliwa, wala watoto ambao risasi iliyoingia mwilini mwao haifidiwi kwa hundi.

Najua mtetezi wa kauli hii atajibu kwamba huo ulikuwa uendeshaji mbaya, si uendeshaji wa kibiashara, na kwamba kampuni makini isingewauzia wateja wake maji yanayokula chuma. Nakubali. Lakini kampuni hiyo huwa makini kwa kuogopa kupoteza wateja. Ondoa hofu hiyo, bakiza shinikizo la kupunguza gharama, na utakachopata ni ukiritimba wenye haraka. Serikali nayo inahitaji hofu ya aina yake, na hofu hiyo huletwa na kura, na maswali ya wabunge, na mkaguzi wa hesabu asiyeweza kufukuzwa na anayemkagua, na mahakama, na hata gazeti kama hili. Mtu aliyezoea kutoa amri asubuhi na kuona utekelezaji jioni huviita vitu hivyo urasimu. Flint iliwekwa kando ya kura ili mambo yaende upesi, na kweli yalikwenda upesi.

Tukumbuke pia kwamba kura ya kampuni si kura ya raia. Mwenye hisa 1,000 ana kura 1,000, na asiye na hisa hana la kusema hata kama moshi wa kiwanda unaingia dirishani kwake. Anayesema kwamba wananchi ni wanahisa wa serikali yao hana budi kueleza hisa hizo zinagawanywa vipi, maana mlipakodi mkubwa na mzee asiye na kipato hawalingani katika mizania yoyote, ilhali mbele ya sanduku la kura wanalingana.

Kuna suala la kipimo. Kampuni ina tarakimu moja inayomaliza ubishi mwishoni mwa mwaka, nayo ni faida au hasara, na uzuri wa tarakimu hiyo ni kwamba haibembelezeki kwa hotuba. Serikali haina tarakimu ya namna hiyo, na inapolazimishwa kuwa nayo hubuni mbaya. Robert McNamara alifanywa rais wa kampuni ya magari ya Ford Novemba 1960, na baada ya wiki chache tu akateuliwa kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani. Alikuwa hodari wa takwimu kwelikweli, na alileta mpangilio katika wizara ambayo kila jeshi lilikuwa likipanga bajeti kivyake. Lakini vita vya Vietnam vilipohitaji kipimo cha ushindi, na hapakuwa na mauzo wala faida ya kuhesabu, kilichohesabiwa ni maiti za adui. Makamanda waliopimwa kwa maiti walileta maiti, za kweli na za kwenye karatasi, na raia wakahesabiwa humo kama wapiganaji. Taarifa zikaendelea kuonyesha maendeleo katika vita ambavyo nchi yake ilikuwa haivishindi.

Isitoshe, kazi nyingi za serikali hufanikiwa kwa kuondoa kile ambacho kampuni ingekiita soko. Gereza lisilo na wafungwa ni hasara kwa kampuni inayolipwa kwa kila mfungwa, na ni neema kwa nchi. Ndui ilikuwa ikiua mamilioni ya watu. Kampeni ya kuitokomeza iliyoongozwa na Shirika la Afya Duniani ilichukua zaidi ya miaka 10 na kugharimu takriban dola milioni 300, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akapatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa haupo tena. Tangu hapo hakuna nchi iliyolazimika kuwachanja watoto wake wote dhidi ya ndui. Nimejaribu mara nyingi, kwa kujifurahisha tu, kuandika mafanikio hayo katika hesabu za faida na hasara za idara ya afya, na kila mara hugundua kwamba upande wa mapato hauna kitu.

Wanaoingia serikalini na panga la biashara mkononi huanza karibu kila mara na orodha ya watumishi wa kupunguza, kwa sababu mshahara ndio gharama inayoonekana upesi. Canada iliamua kuikusanya kazi ya mishahara ya watumishi wa serikali kuu mahali pamoja, ikawaondoa mamia ya maofisa wenye uzoefu waliokuwa wametawanyika katika idara, na mwezi Februari 2016 ikazindua mfumo wa kompyuta uitwao Phoenix. Mpango ulitarajiwa kuokoa dola milioni 70 za nchi hiyo kila mwaka. Watumishi wengine walilipwa pungufu, wengine hawakulipwa kabisa, wengine walizidishiwa na kisha kudaiwa warudishe, na gharama za kurekebisha zimepita dola bilioni 2. Waliofukuzwa, ilibainika, ndio waliokuwa wakijua kwamba mlinzi wa gereza hulipwa tofauti na baharia, na kwamba anayekaimu cheo kwa wiki tatu ana haki yake.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Marekani mwaka 2025, ambapo Elon Musk, tajiri wa magari na roketi, alipewa jukumu la kuongoza ubanaji wa matumizi ya serikali kuu. Kabla ya hapo alikuwa ametaja akiba ya dola trilioni 2, katika serikali ambayo matumizi yake yote ya mwaka hayakufika trilioni 7 na sehemu kubwa yake ni pensheni, matibabu, ulinzi na riba ya madeni. Baadaye akataja trilioni 1, na mwishoni mwa Mei akaondoka. Mwezi Februari walifukuzwa watumishi wa wakala unaosimamia silaha za nyuklia, pamoja na wengine wa wizara ya kilimo walioshughulikia homa ya ndege, na baada ya siku chache ofisi zao zikahangaika kuwatafuta ili warudi. Mwenye mtandao wa kijamii, kama alivyo Musk, akifukuza watu kupita kiasi, mtandao hukatika kwa saa kadhaa na watu huendelea na maisha yao. Hawezi kujaribu hivyo hivyo kwa walinzi wa mabomu.

Kuhusu hoja kwamba kampuni hujisahihisha zenyewe kwa kufilisika, nitasema kidogo tu. Ni kweli kwamba kufilisika kwa mzembe ni afya ya soko, lakini mfano wake kwa serikali haupo, kwa kuwa serikali ndiyo inayobaki wakati wengine wamefilisika. Septemba 2008 kampuni ya bima ya AIG ilipokaribia kuanguka, haikuokolewa na kampuni nyenzake. Iliokolewa kwa mkopo wa dola bilioni 85 kutoka benki kuu ya Marekani.

Wapo watakaonitajia Singapore, na wanafanya vyema, kwa kuwa ni nchi inayosifika kwa watumishi wanaolipwa vizuri, wanaopimwa kwa kazi zao na wanaoogopa rushwa. Lakini tuitazame vizuri. Mwaka 1974 Singapore ilianzisha kampuni ya Temasek na kuikabidhi hisa ambazo serikali ilikuwa nazo katika kampuni mbalimbali, ili biashara ifanywe na kampuni nayo wizara ibaki na kazi ya sera. Maana yake ni kwamba nchi inayotajwa kila siku kama kampuni iliyofanikiwa ilichukua hatua ya makusudi kuitenga kampuni na serikali. Na bodi yake ya nyumba iliyoundwa mwaka 1960, ambayo imejenga makazi wanamoishi takriban watu 8 kati ya 10, huonyesha nakisi kwenye hesabu zake mwaka baada ya mwaka, nakisi inayozibwa kwa ruzuku ya serikali. Mkurugenzi mpya wa kampuni angeifunga bodi hiyo katika wiki yake ya kwanza.

Ninachotaka mimi ni kwamba nidhamu ya biashara ipelekwe pale inapostahili. Manunuzi ndiyo mlango wake mkuu, kwa sababu hapo serikali ni mteja kweli, tena mteja mkubwa kuliko wote, na inaweza kuvuka barabara na kununua kwa mwingine. Nyingine ni foleni na fomu: hakuna falsafa ya dola inayohitaji mtu aandike jina lake mara nne katika ofisi moja. Na hesabu kamili zenye mali na madeni, zilizokaguliwa na kuchapishwa kwa wakati, ni deni ambalo mlipakodi anadai tangu zamani. Lakini uamuzi wa nani ahudumiwe na nani aachwe usifanywe kwa tarakimu ya gharama kwa kila kichwa, hata kama anayeileta ni mhasibu kijana mwenye majivuno.

Vile vituo 2 havikufungwa. Mama yule alinirudishia taarifa yangu na kuniagiza niache wagonjwa, nitazame stoo. Ilinichukua miezi miwili kukusanya hati za malipo, na nikakuta kwamba sehemu tatu za idara hiyo hiyo zilikuwa zikinunua dawa zile zile kwa wauzaji watatu na kwa bei tatu, ya juu ikikaribia mara mbili ya ile ya chini, na kwamba hakuna aliyewahi kuziweka bei hizo kwenye ukurasa mmoja. Tuliunganisha manunuzi, tukatangaza zabuni moja, na tofauti iliyopatikana ililipia vituo vyote viwili na kubakiza fedha za kuezeka upya paa la kimoja wapo.

Wako,
Mhasibu mstaafu